Ziwa Tanganyika: Kwa nini mahali alipovuliwa samaki ni muhimu kuliko jina lake

Kila spishi mpya ya samaki inapotangazwa kutoka Ziwa Tanganyika, wengi huvutiwa na rangi na jina lake. Lakini kwa Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi nne zinazochangia ziwa hilo, taarifa yenye uzito zaidi ni mahali hasa alipovuliwa.

Ziwa hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 670, lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, nyingi zikiwa hazipatikani kwingineko duniani. Baadhi yao, kama Tropheus, huishi kwenye miamba ya pwani na ni nadra kuvuka ghuba za mchanga. Ndiyo maana rangi zao hutofautiana kutoka mwambao mmoja hadi mwingine. Asipojua mahali walipotoka, mtafiti hupata shida kuamua kama ameona spishi mpya au sura nyingine ya ile ya zamani.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kwamba kila spishi iliyopewa jina baada ya mwaka 1999 iwe na kielelezo rasmi, na itajwe hifadhi kinakotunzwa. Maelezo kamili ya mahali, hata hivyo, yamependekezwa tu. Kanuni hizo husema pia kwamba samaki akisafirishwa na binadamu kabla ya kufika kwa mtafiti, asili yake ni pale safari ilipoanzia. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa samaki wa mapambo husafirishwa hai hadi mabara mengine, na mnunuzi hutegemea neno la muuzaji.

Majina ya mahali nayo hubadilika. Tropheus moorii alielezwa mwaka 1898 kwa samaki kutoka Kinyamkolo, eneo lililo karibu na Mpulungu ya leo nchini Zambia. Albertville sasa ni Kalemie. Vipimo vya latitudo na longitudo havibadiliki tawala zinapobadilika.

Athari zake hazibaki maabara. Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini hutazama, pamoja na mambo mengine, ukubwa wa eneo anamoishi kiumbe. Spishi isiyojulikana makao yake haiwezi kupimwa ipasavyo, wala serikali haitajua ni mwambao upi wa kulinda dhidi ya udongo unaosombwa na mito na kufunika miamba.

Kutangaza mahali hasa nako kuna hatari, kwani huwaelekeza wakusanyaji. Dawa yake si kuacha kuandika. Rekodi kamili inaweza kutunzwa na kupatikana kwa mamlaka husika, huku umma ukipewa jina la eneo kwa ujumla. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Chombo cha kushirikiana kipo. Kinachohitajika ni kumbukumbu za kuaminika.