Hali ya Anga Haisomwi Ubaoni

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hukaririwa katika shule zetu hapa Kakamega, na wanafunzi huifafanua vyema katika insha zao. Lakini je, ni wangapi kati yao wawezao kutoka nje saa saba mchana, wakayatazama mawingu yenyewe, na kutambua lipi litaleta mvua na lipi litapita bure?

Ni jambo la kusikitisha kwamba somo la hali ya anga lingali likifundishwa kwa michoro ubaoni katika eneo lililojaliwa mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Januari jua huwaka na vumbi likatanda njiani. Aprili na Mei mvua humwagika alasiri baada ya alasiri, wakati mwingine ikiandamana na mvua ya mawe. Baada ya mvua, kumbikumbi huchomoza ardhini. Nao Msitu wa Kakamega huhifadhi ubaridi na unyevu hata mashamba ya jirani yanapochomwa na jua. Mwanafunzi anayepita mpakani mwa msitu huo atajifunza kwa ngozi yake kazi ya miti kuliko atakavyojifunza kwa kunakili.

Hata chanzo cha mvua ya alasiri chaweza kusomwa kwa macho. Joto la mchana huinua hewa yenye unyevu. Upepo utokao Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda zetu, na mawingu yakarundikana.

Elimu hii si ngeni kwetu. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, katika eneo la Vihiga lililokuwa sehemu ya wilaya ya Kakamega hadi 1990, umesifika kwa vizazi vingi kwa kubashiri mvua. Wazee wake huchunguza miti ichanuavyo, mienendo ya ndege na wadudu, na mwelekeo wa upepo. Wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hawakuwadharau, bali waliketi nao wakalinganisha ubashiri wa misimu. Ikiwa wataalamu waliona faida ya kutazama nje, shule zaogopa nini?

Wapo watakaojibu kwamba zaogopa radi. Hofu hiyo ina msingi, kwani radi huua katika sehemu hizi. Hata hivyo, anayekimbilia chini ya mti wakati wa ngurumo ni yule asiyefunzwa. Mwanafunzi afundishwe kuhesabu sekunde baina ya umeme na ngurumo: kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, aingie katika jengo imara, asitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ama kuhusu mafua, yafaa ifahamike kwamba huletwa na virusi, wala si matone ya mvua.

Vifaa navyo si ghali. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula vyatosha kupima mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 25 juu ya paa la darasa la mita 8 kwa 6 ni lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Hapo hesabu, sayansi na maji ya shule vimekutana.

Walimu wakuu hawana budi kutenga angalau nusu saa kila juma, kiangazi na masika, wanafunzi watoke nje wakatazame, wapime na kuandika. Walio wengi kati yao ni watoto wa wakulima, na wengi watalima. Mkulima asiyeweza kuisoma anga hupanda mbegu zake kwa kubahatisha, na njaa ya mwaka huo haitamuuliza alipata alama ngapi katika mtihani.