Watu Walio Hewani ni Wangapi?

Jioni ukiwa umeketi barazani na wanao, ndege ikapita juu ya mabati, mtoto huuliza: "Baba, watu walio juu sasa hivi ni wangapi?" Usimfukuze. Swali lake lina jibu, na hesabu yenyewe ni ile ile ya mkahawa.

Mkahawa ukipokea wateja 20 kwa saa, na kila mmoja akikaa nusu saa, wakati wowote utawakuta humo kama 10. Anga nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2019 ndege zilibeba abiria wapatao milioni 4,500 duniani, aliyesafiri mara mbili akihesabiwa mara mbili. Gawanya kwa siku 365, kisha kwa saa 24, utapata watu kama 514,000 waliopaa kila saa. Tukikadiria safari kuwa ya saa 2, basi waliokuwa hewani kwa wastani walifika milioni moja: jiji zima lisilo na ardhi. Mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga mipaka, abiria walishuka hadi milioni 1,800 hivi, na jiji hilo likabaki na watu kama 400,000.

Jiji hilo huchorewa hata ramani. Ndege nyingi hutangaza kwa redio mahali zilipo, na mitambo ya ardhini na ya setilaiti hupokea. Lakini ramani huonyesha ndege, haionyeshi watu. Mchoraji hutazama aina ya ndege, akajua viti vyake, kisha akakisia vilivyojaa. Mwaka 2019 vilijaa kama 8 katika kila 10.

Hata hivyo, makisio yana mpaka wake. Tarehe 8 Machi, 2014, ndege ya safari MH370, iliyotoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, ilitoweka. Idadi haikukisiwa: walikuwamo watu 239. Kilichokosekana ni mahali walipo. Ndiyo maana tangu Novemba 2018 kanuni ya kimataifa inataka mahali pa ndege kubwa pajulikane walau kila dakika 15 iwapo juu ya bahari.

Nasi tujifunze. Ukisafiri, hata kwa basi, waachie wa nyumbani jina la chombo na saa ya kufika. Katika anga wewe ni mmoja katika milioni. Nyumbani kwako huna wa kujazia nafasi yako.