Kuku Wako Hauawi na Baridi, Anauawa na Nailoni Yako

Wasee, Julai imefika na nimeanza kuona ile maneno tena. Mtu anafunika banda la kuku na nailoni kutoka juu hadi chini, kila tundu linazibwa na gunia, kisha jiko la makaa linaingizwa ndani na mlango unafungwa. Halafu anapiga picha, anaandika ati kuku wake hawasikii baridi. Acha niseme wazi: hiyo si huruma. Hiyo ni kuua kuku, na unalipia makaa ndio uwaue.

Kabla mniite mjuaji, najua kwa sababu nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nimerudi kwa shosho huku Limuru, na nilitaka watu waone sijarudi kukaa tu. Nikamaliza bando nikitazama video za watu wa Marekani wakitayarisha kuku wao kwa theluji. Nikaona taa za joto, kuku anapakwa Vaseline kwenye ile nyama nyekundu ya kichwani. Nikasema na mimi ni mfugaji wa kisasa. Nikaziba banda la shosho lote, nikaweka jiko ndani, nikaenda kulala nikiwa na raha.

Asubuhi kuku tisa kati ya kumi na nne walikuwa wamekufa. Hao kuku mayai yao ndiyo yalikuwa yananilipia nauli nikiwa chuo. Shosho hakunipigia kelele. Aliangalia tu ile nailoni akaniuliza, "Mtoto wangu, wewe ungelala humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Na wewe ukiulizwa hutakuwa nalo.

Hebu tufikirie. Mwili wa kuku uko na joto la kama nyuzi 41, sisi tuko 37. Amevaa manyoya usiku na mchana, na akisikia baridi anayafura ndio yashike hewa yenye joto karibu na ngozi. Kuku wa Rhode Island Red wametoka kaskazini mwa Marekani, mahali theluji inaanguka. Sasa wewe unataka kuniambia kuku mzima mwenye manyoya yote ataangushwa na baridi ya Nairobi ya nyuzi 11? Wacha zako.

Kinachomwangusha ni unyevu na hewa chafu. Kuku anapumua maji usiku kucha, na mavi yake yana maji mob. Ukiziba banda, hayo maji hayana pa kwenda. Yanapanda juu, yanagonga mabati baridi, yanamdondokea mgongoni. Manyoya yakilowa hayashiki joto tena. Na mavi yakilowa yanatoa amonia, ile harufu kali ya choo, inachoma macho na mapafu yake hadi magonjwa ya kupumua yanapata njia. Unataka kujua banda lako liko aje? Ingia asubuhi, chuchumaa kimo cha kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wewe ndiye shida, si Julai.

Kuna hii nyingine ya kuwasha taa usiku ati mayai yamepungua kwa sababu ya baridi. Huko kwao siku ya majira ya baridi inakuwa fupi sana, na kuku hutaga kulingana na mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta. Julai au Desemba, mchana ni kama saa 12. Mayai yakipungua, angalia chakula kwanza, kwa sababu kwa baridi kuku anakula zaidi ili apate joto. Wewe unampimia kile kile cha Februari, halafu unalaumu hali ya hewa.

Na tuache kusingizia baridi kila kifo. Kuku akiwa na mavi ya kijani na shingo imepinda, hiyo inaweza kuwa Newcastle. Hiyo iko na chanjo. Ita daktari wa mifugo, si muuza nailoni.

Kwa hivyo fanya hivi. Acha nafasi wazi juu kabisa chini ya paa, hewa ipite juu ya vichwa vyao, lakini ziba upepo unaowapiga pale wanapolala. Weka mbao bapa ya kulalia, wakae juu wafunike vidole na manyoya ya tumbo. Sakafuni mwaga maranda makavu, toa yaliyolowa. Jioni ongeza mahindi kidogo, tumbo likisaga chakula usiku linaleta joto.

Vifaranga ndio tofauti. Hao bado hawana manyoya kamili, wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Wakirundikana wanasikia baridi, wakitawanyika vizuri wako sawa. Wape balbu, ama waache chini ya mama yao, yeye hahitaji stima.

Lakini jiko ndani ya chumba kilichozibwa, hapana. Makaa yakiwaka yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hata kama moshi umeisha, gesi bado iko. Na hapa siongei kuku pekee. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko kwa nyumba ya chumba kimoja, wakafunga dirisha, hawakuamka. Ni akili ile ile iliyoua kuku wa shosho.

Leo usiku kabla ulale, nenda utoboe hiyo nailoni. Na kama jiko liko kwa chumba chako, litoe nje.