Bibi Mnyamwezi, bibi Msukuma na tumbo moja la mtoto

Ukitaka kumuudhi Mkanada, mwite Mmarekani. Hatakutukana, maana Wakanada wanasifika kwa kuomba radhi hata pale wanapokanyagwa wao, lakini atakusahihisha hapohapo. Ukimuuliza wanatofautiana nini, anayo orodha. Herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kiingereza yeye huiita "zed", Mmarekani huiita "zii". Sikukuu ya Shukrani kwake ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa Mmarekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na wote wawili siku hiyo wanakula bata mzinga. Barabara za Kanada zinahesabiwa kwa kilomita, za Marekani kwa maili.

Kampuni ya Barrick yenye makao yake Toronto iliingia Bulyanhulu mwaka 1999, na mgodi ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Lakini kwa muuza chapati wa Kakola, hatua chache kutoka geti la mgodi huo, tofauti ya Mkanada na Mmarekani haipo. Mzungu ni mzungu, na anayetaka chai ya maziwa aseme.

(Tofauti moja kati ya hizo inamhusu mzazi. Mmarekani hupima joto kwa Farenhaiti, wakati vipimo rasmi vya Kanada, kama vyetu, ni Selsiasi. Vipimajoto vingi vya kidijitali vinasoma vyote viwili, na kitufe kikiguswa kwa bahati mbaya mama anaona 98.6 na kudhani mtoto anachemka. Hiyo ni sawa na 37, mtoto mzima kabisa. Homa inaanza kuhesabiwa kwenye 38, ambayo kwa Farenhaiti ni 100.4. Angalia herufi ndogo pembeni, C au F, kabla ya kuita bodaboda usiku.)

Kabla hujawacheka Wakanada, nenda Kahama ukamwite Mnyamwezi Msukuma.

Hapo utapewa somo la jiografia. "Sukuma" maana yake ni kaskazini, "dakama" ni kusini, "kiya" ni mashariki na "ng'weli" ni magharibi. Msukuma, kwa hiyo, ni mtu wa kaskazini, jina ambalo lina maana tu ukiwa umesimama kusini kwake, yaani ukiwa Mnyamwezi. Mnyamwezi naye inasemekana jina alipewa na watu wa pwani, waliouona mwezi mwandamo ukichomoza upande anakotoka. Wote wawili wanajiita kwa majina waliyopewa na majirani, na wote wawili wako tayari kuyapigania. Lugha zao zinasikilizana. Asubuhi wote wanasema "mwangaluka". Pacha wa kwanza kwa wote ni Kulwa na wa pili ni Doto. Mtoto aliyetanguliza miguu, Msukuma anamwita Kashinje na Mnyamwezi anamwita Kashindye, na hapo unaweza kusikia ubishi wa nusu saa kuhusu nani amelipotosha jina.

Wanaofahamiana hivi wakioana, na katika miji ya dhahabu wanaoana sana, nyumba haikosi vichekesho. Tuchukue nyumba moja ambayo iko Nyankumbu, Kakola na Kahama mjini kwa wakati mmoja, kwa sababu iko karibu kila mtaa. Baba ni Msukuma wa Kwimba, anafanya kazi mgodini kwa zamu. Mama ni Mnyamwezi wa Nzega. Amejifungua, na mabibi wawili wameshuka stendi siku moja kuja kumuuguza, kila mmoja na kiroba chake.

Ubishi unaanza kabla viroba havijafunguliwa. Ndani ya kila kimoja kuna viazi vitamu vilivyokaushwa. Vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ni matobolwa. Bibi wa Nzega anatangaza kwamba matobolwa ni ya Wanyamwezi, na ushahidi ni kwamba hata mji wa Tabora unasemekana kupata jina kutokana nayo. Bibi wa Kwimba anajibu kwamba mji unaweza kuitwa jina la chakula cha jirani ikiwa wenyeji wake walikuwa wanaomba. Mmoja anakula yake na karanga, mwingine na maziwa ya mgando, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama mtu anayetia sukari kwenye mlenda.

Jioni ni zamu ya ugali. Mmoja anataka wa udaga, mwingine anataka wa mahindi. Bibi wa Nzega anamtaja Mirambo, mtemi wa Urambo aliyewatia hofu wafanyabiashara wa misafara. Bibi wa Kwimba anauliza Mirambo alikuwa na nini cha kumlinganisha na Ng'wanamalundi, ambaye Wasukuma wanasimulia kwamba alinyoosha kidole tu na miti ikakauka. Mama mzazi, aliyeshonwa nyuzi na hajalala siku tatu, anaomba ugali wowote.

Mpaka hapo hakuna mtu aliyeumia. Tatizo linakuja usiku mtoto anapolia, kwa sababu mabibi hawa, waliobishana kuanzia stendi, wanakubaliana kwa mara ya kwanza. Wote wawili wanasema mtoto hajashiba.

Mmoja anatoa kichupa cha asali, tena asali ya msitu wa Tabora, safi, anayoiamini kuliko dawa za duka. Mwingine anataka maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, kama alivyowalea wanawe. Na kama ikishindikana, wote wanaona uji mwepesi hauna ubaya. Mtoto ana siku tano.

Hapa ndipo utani unapogusa afya ya mtu, na ni lazima mambo yasemwe wazi. Asali, hata iwe safi namna gani, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimaliza bila kujua, lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 vinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, ya kunyonya, ya shingo, hadi ya kupumua. Haiondoki kwa kuchemsha asali jikoni. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo na ni mazito kwa figo na utumbo wa mchanga. Mtoto aliyekuzwa nayo badala ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja anaweza kupungukiwa damu huku anaonekana mnene. Maji ya kuyaongezea huleta kuhara, na uji huchukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo ambalo siku hizo za mwanzo halizidi sana ukubwa wa mbuyu wa gololi. Tumbo dogo hushiba haraka na kuisha haraka, ndiyo maana analia tena baada ya saa mbili. Njaa ya namna hiyo ni ya kawaida, na dawa yake ni titi.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndio unaofundishwa kliniki zetu, ni kumweka mtoto kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kumpa yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo baadhi ya nyumba bado huyakamulia chini zikidhani ni uchafu, kisha maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Hata maji hayahitajiki, hata kwenye jua la Shinyanga la Septemba, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Dawa alizoandikiwa na mtaalamu anapewa. Anayetaka kujua kama mtoto anashiba asihesabu vilio. Ahesabu nepi: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba.

Mama wa nyumba hii anayajua yote hayo. Aliyasikia kliniki tangu mimba ya miezi minne. Kujua si shida yake. Shida ni kumwambia mama mkwe wake, akiwa amelala kitandani na mkwe ndiye anayemchemshia maji ya kuoga, kwamba amekosea. Na bibi ana neno lake, lile ambalo kila mkamwana analijua: "Nimelea wanane." Mara nyingi bibi anayesema hivyo haongezi kwamba alizaa kumi. Anapokimbilia kumpa mtoto kitu kila anapolia, huenda anakumbuka vilio vingine, vya miaka ambayo zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Kumjibu kwa ukali ni kumkosea mara mbili.

Baba angeweza kusema, lakini baba yuko kwenye kamba nyembamba. Mama yake mzazi anaweza kumwambia jambo. Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hawezi hata kukaa naye mkeka mmoja, sembuse kumnyang'anya kichupa cha asali.

Katika nyumba kama hizi utani ndio huokoa. Baba anamvuta mama yake pembeni na kumnong'oneza kwamba awe macho, upande wa pili wana asali na wanataka kumlambisha mjukuu wake mapema ili akikua awe Mnyamwezi moja kwa moja, arine mizinga na asahau ng'ombe. Mama naye anamwambia mama yake kwamba asibanduke karibu na kitanda, kwa sababu kuna maziwa ya ng'ombe jikoni na mtoto akiyaonja tu ameshakuwa Msukuma, hatatamka tena Kashindye vizuri.

Mabibi wote wanacheka, kwa kuwa si watoto na wanajua wanachezewa. Lakini usiku huo, mmoja akinyanyuka, mwingine anakohoa. Asali ikitoka kwenye kiroba, kuna mtu mlangoni anauliza inakwenda wapi. Maziwa yakiwekwa jikoni, kuna mtu anakumbuka ghafla kwamba anahitaji chai. Mtoto analindwa na walinzi wawili wa bure, na kinachopita kinywani ni titi tu.

Ni ujanja, na ujanja una mwisho. Ukifika muda wa kliniki ni vizuri kwenda na bibi mmoja, ikiwezekana wote wawili, wakaketi kwenye benchi, wakaone mtoto akipimwa na wakasikia kwa muuguzi wa umri wao. Bibi aliyeona kwa macho yake kilo zikiongezeka kwa maziwa ya mama peke yake anarudi mtaani akiwa mwalimu, na hakuna bango linaloweza kushindana naye.

Kipindi kigumu zaidi kinakuja baadaye, mama anaporudi kazini. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anayo likizo yake pia, siku 3 zisizopungua, na wengi wa zamu hawaidai. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Na hiyo ni kwa mwajiriwa. Mama lishe wa pembeni mwa mgodi na mama anayeponda mawe kwenye machimbo madogo hawana wa kuwapa likizo, wanarudi wakiishiwa fedha. Wengine huenda na mtoto mgongoni mpaka panapochomwa dhahabu kwa zebaki, mahali ambapo mtoto mchanga hapaswi kufika kabisa. Heri abaki nyumbani na bibi, na bibi abaki na kikombe.

Kikombe chenyewe ni cha maziwa yaliyokamuliwa. Mama ananawa mikono kwa sabuni, anakamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko na kukiweka penye ubaridi. Bila friji, maziwa hayo yasikae zaidi ya saa 4, na penye joto kali muda uwe mfupi zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa sababu chupa zenye chuchu ni ngumu kusafisha. Mabibi huwa wanashangaa mara ya kwanza. Bibi wa Kwimba, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, alihitaji dakika moja tu kuelewa, kisha akasema kilichomshangaza ni kwamba hili nalo limehitaji kusomewa.

Miezi 6 ikitimia mtoto anaruhusiwa kula, akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Anaanza na vijiko 2 au 3 vya uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, kisha unaongezwa taratibu. Unga mtupu, uwe wa udaga au wa mahindi, haumkuzi mtoto. Unahitaji kitu cha kujenga mwili. Dagaa wa ziwani waliooshwa, kukaushwa na kusagwa laini wanafaa. Karanga zilizosagwa laini, zisizo na ukungu, zinafaa. Asali inasubiri mwaka utimie.

Kwa hiyo viroba vinashuka tena stendi, safari hii kimoja na dagaa na kingine na karanga. Vyote vinaingia kwenye sufuria moja, na mabibi wanabishana ni kipi kilichompa mjukuu mashavu yale.