Karanga, virusi na ini: Wanyama walivyofichua hatari inayoigusa Lindi

Panya wa maabara, anayetumika kuchunguza karibu kila ugonjwa, hapati homa ya ini B. Virusi vyake vinachagua: kwa kawaida vinamwingia binadamu na sokwe. Wanasayansi wakalazimika kutafuta wanyama wengine, na walichokuta kinawahusu watu wa Kilwa, Nachingwea na mkoa mzima wa Lindi.

Bata mzinga walianza kufa

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na sumu yake ndiyo leo inaitwa sumukuvu. Panya waliolishwa mashudu kama hayo wakapata saratani ya ini.

Lindi na karanga wanajuana. Nachingwea ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Mradi ulikufa, ila karanga bado zinalimwa na kuliwa.

Sumu ikikutana na virusi

Mwaka 1978 ilitangazwa kuwa woodchuck, mnyama wa jamii ya kindi huko Amerika Kaskazini, ana virusi vinavyofanana na vya homa ya ini B. Walioambukizwa wakiwa wachanga na kubaki na virusi mwilini, karibu wote walipata saratani ya ini ndani ya miaka michache.

China nao walimtumia tupaia, mnyama mdogo wa Asia. Waliopewa virusi pamoja na sumukuvu walipata saratani zaidi ya waliopewa sumukuvu peke yake.

Kwa binadamu mambo ni hayohayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwa mwenye virusi vya homa ya ini B, makali ya sumukuvu katika kuleta saratani yanaweza kufika mara 30.

Nani yuko hatarini?

Chanjo ya kwanza ilijaribiwa kwa sokwe kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 1981. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Maana yake, aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata, na wengi wao leo ndio wazazi.

Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini ni kama 9 kati ya 10. Ndiyo maana WHO inataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Kwa miaka mingi ratiba ya Tanzania imeanzia wiki ya sita, na hilo ndilo pengo.

Cha kufanya sasa

Mtu mzima apime damu kwanza. Akikutwa hana virusi, achanjwe. Mjamzito aulizie kipimo hicho kliniki.

Nyumbani, karanga na mahindi vianikwe juu ya turubai, siyo chini, na vikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Unyevu wa pwani unaukuza ukungu haraka. Punje zilizooza au kusinyaa zitupwe, maana kupika hakuiondoi sumu yote.

Hili si jambo la maabara tu: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu karibu 20 Dodoma na Manyara. Hao iliwaua haraka. Saratani ya ini inachukua miaka, na mara nyingi mgonjwa anafika hospitali akiwa amechelewa.