Udogo Hauna Ladha

Mkute shabiki wa bia za viwanda vidogo kaunta, iwe San Francisco, iwe Brussels, iwe Nairobi, na hutamaliza glasi ya kwanza kabla hajakueleza imani yake. Bia anayoipenda ni nzuri kwa sababu kiwanda chake ni kidogo. Mwenye kiwanda anamjua kwa jina, matangi yanaonekana nyuma ya kioo, mpikaji mwenyewe ndiye anayekumiminia. Kwa shabiki huyo, huo ni ushahidi tosha. Viwanda vikubwa, anasema, vinauza matangazo tu.

Imani hii ni ya uongo, na inakiumiza kiwanda kile kile anachodai kukipenda.

Anchor Brewing ya San Francisco inatosha kulithibitisha hilo. Mwaka 1965 kiwanda hicho kilikuwa kidogo na duni kiasi cha kukaribia kufa. Jina lake lilikuwa linajulikana mjini tangu 1896, lakini mitambo ilikuwa imechoka, baa zilizoichukua bia yake zilikuwa za kuhesabika, na bia yenyewe ilikuwa inachacha mara kwa mara. Fritz Maytag, kijana wa miaka 27 kutoka familia ya Iowa iliyotajirika kwa mashine za kufulia nguo, alikuwa anaipenda bia hiyo na kuinywa katika mgahawa wa Old Spaghetti Factory. Mwenye mgahawa akamwambia aende akakione kiwanda kabla hakijafungwa. Maytag akaenda, akanunua asilimia 51 kwa dola elfu chache.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: kijana, kiwanda kidogo, mapenzi. Sehemu inayostahili kusimuliwa ni ile inayofuata. Maytag alinunua hadubini. Akajifunza ni vijidudu gani vinavyoharibu bia na vinajificha wapi, akasugua, akabadilisha vyombo, akaanza kupima kila hatua. Chupa za kwanza za Anchor Steam chini yake zilitoka 1971, yaani miaka sita baadaye. Faida ya kwanza ilipatikana 1975, mwaka ule ule alipotoa Liberty Ale, bia iliyojaa harufu ya hopsi (maua ya kutilia bia harufu na uchungu) za aina ya Cascade, ambayo wapikaji wa Marekani wamekuwa wakifuata nyayo zake hadi leo. Katika miaka hiyo kumi Anchor ilikuwa ndogo mwanzo na ndogo mwisho. Kama udogo ndio unaotia ladha, basi bia ya 1965 ingekuwa tamu sawa na ya 1975. Haikuwa hivyo. Kilichoingia katikati ni usafi, vipimo na ukaidi wa mtu aliyekataa kuuza bia iliyoharibika.

Tena udogo wenyewe unaweza kuua. Mwaka 1976, Jack McAuliffe, aliyewahi kuwa baharia wa jeshi la Marekani na kuzionja bia za Uingereza alipokuwa kambini Scotland, alianzisha New Albion huko Sonoma, California, kwa vyombo chakavu alivyovikusanya na kuvichomelea mwenyewe. Bia yake ilisifiwa na kununuliwa. Lakini kiwanda kilikuwa kidogo mno: hata kilipouza bia yote kiliyopika, mapato hayakutosha kukiendesha, na pesa za kukikuza hazikupatikana. Kilifungwa 1982. Ken Grossman, aliyekuwa amekitembelea, aliliona tatizo hilo mapema. Yeye na Paul Camusi walipojenga Sierra Nevada huko Chico, wakitumia vyombo vya kiwanda cha maziwa, walipiga hesabu ya kiwanda kitakachoweza kukua. Na walipoanza kupika Pale Ale mwaka 1980, waliimwaga mipiko kadhaa kwa sababu haikuwa inalingana na kile walichokitaka. Watu wasio na fedha waliimwaga bia inayonyweka! Hapo ndipo pa kumpa mtu heshima yake.

Shabiki akiendelea kudai kwamba wakubwa hawajawahi kuisaidia bia, historia inamkana waziwazi. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kutenga hamira ya aina moja tu, safi, na kuikuza. Carlsberg ikawagawia wapikaji wengine bila malipo. Katika maabara hiyo hiyo, mwaka 1909, Søren Sørensen alibuni pH, kipimo cha uchachu. Guinness ya Dublin ndiyo iliyomwajiri William Gosset, aliyechapisha mwaka 1908, kwa jina la Student, njia ya kupata jibu la kuaminika kutokana na sampuli chache, njia ambayo leo inafundishwa katika vyuo vikuu. Hata hizo Cascade, zilizokuwa kama bendera ya viwanda vidogo vya Marekani, zilizalishwa na watafiti wa serikali huko Oregon na kuachiwa wakulima mwaka 1972. Mnunuzi mkubwa wa kwanza alikuwa Coors, kiwanda kikubwa cha bia. Mpikaji wa mtaani anayechovya kifaa cha pH kwenye maji ya kimea asubuhi na kutia hamira safi jioni anatumia urithi wa wale wale ambao wateja wake wanawabeza.

Halafu huo udogo unapimwaje? Chama cha wapikaji wa Marekani, Brewers Association, kinahesabu kuwa kidogo kiwanda chochote kisichozidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, ilimradi hakimilikiwi kwa robo au zaidi na kampuni ya vileo ambayo yenyewe si kiwanda kidogo. Hizo ni zaidi ya lita milioni 700. Hadi 2010 mpaka ulikuwa mapipa milioni 2, ukapandishwa wakati Boston Beer, watengenezaji wa Samuel Adams, walipokuwa wanaukaribia. Sababu za chama zinaeleweka, maana kinatetea wanachama wake na unafuu wao wa kodi. Ila mnywaji anayedhani kwamba udogo ni sifa iliyomo ndani ya glasi anapaswa kujua kwamba mpaka wake ulisogezwa mezani na kikao.

Msomaji wa Moshi au Marangu hahitaji kusafiri ili kulielewa jambo hili. Mbege, pombe ya huko, hupikwa majumbani na akina mama, kwa ndizi mbivu, ulezi uliooteshwa na magome ya msesewa ya kutia uchungu. Kiwanda kidogo kuliko hicho hakuna. Lakini hakuna mzee anayemfuata mama fulani kwa kuwa pipa lake ni dogo. Anamfuata anayejua kuotesha ulezi, anayejua ndizi zimeiva kiasi gani na mbege inywewe siku gani. Ikiharibika, mpikaji anaambiwa, na wateja wanahamia kwa jirani hadi arekebishe.

Ukweli wa namna hiyo ndio shabiki wa bia za viwanda vidogo anaokinyima kiwanda chake. Analetewa glasi inayonuka siagi kwa sababu bia imetolewa kwenye tangi kabla hamira haijamaliza kazi yake, anasema ndiyo tabia ya kiwanda. Analetewa kopo linalonuka boksi lililolowa, dalili ya bia iliyoingiwa na hewa au kukaa sana, anasema ni bia ya mikono, haiwezi kufanana kila siku. Bia imechacha pasipokusudiwa, anaiita ya kiasili. Anamvika mpikaji kilemba cha ukoka, na mpikaji hajui kwamba wateja wengine, wale wasiomjua kwa jina, walikunywa mara moja na hawatarudi.

Na asisingizie Cantillon. Kiwanda hicho cha familia kilichoanza Brussels mwaka 1900 kinaiacha hewa ya usiku ilete hamira na bakteria wa kuchachusha bia, na bia yake ni chachu kwa makusudi. Lakini hupika katika miezi ya baridi tu, kwa sababu joto linaleta vijidudu vibaya. Bia inakaa kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu, kisha za umri tofauti zinaonjwa na kuchanganywa. Uchachu wa Cantillon unatokana na nidhamu kali, wala hauwezi kuwa kinga ya mpikaji ambaye hakuosha mabomba.

Wahenga walisema chema chajiuza. Anchor ilikuwa chema na haikujiuza. Maytag aliiuza kampuni mwaka 2010, Sapporo ya Japani ikainunua 2017, na 2021 lebo zilizochorwa kwa mkono zikabadilishwa, jambo lililowakera mashabiki wengi sana. Julai 2023 kampuni ikatangaza kufunga. Msemaji wake alieleza kwamba mauzo yalikuwa yameporomoka sana tangu 2016. Tangazo lilipotoka, watu walipanga foleni wapate chupa za mwisho. Wafanyakazi walijaribu kuchangisha fedha wakinunue kiwanda kama ushirika, wakashindwa. Mwaka uliofuata Hamdi Ulukaya, mwenye kampuni ya mtindi ya Chobani, akanunua jina na mitambo.

Wamiliki wana lawama zao, na si ndogo. Lakini foleni ile ya Julai inawahusu mashabiki pia. Imani ya udogo humfundisha mnywaji kukimbilia kiwanda kidogo zaidi na kopo jipya la wiki hii, na kuiona bia inayotoka vilevile kila mwaka kuwa imepitwa na wakati. Anchor Steam ilikuwa bora kwa sababu hiyo hiyo ya kutobadilika. Kupika bia ile ile mara elfu bila kuipoteza ni kazi ngumu kuliko kubuni mpya, na ndiyo kazi iliyohitaji kulipwa 2018 na 2019, wakati chupa zilipokuwa bado zimejaa madukani.

Basi mwenye mapenzi ya kweli na kiwanda chake airudishe glasi iliyoharibika, kwa adabu, na aeleze ina kasoro gani. Asome tarehe ya kufungashwa kwenye kopo, na kama haipo, aidai. Anunue bia ya kila siku ya kiwanda hicho, kwa bei kamili, hata mwezi ambao hakuna toleo maalumu. Na aulize mabomba ya kaunta yalisafishwa lini. Brewers Association inapendekeza isizidi siku 14. Mpikaji anayeijali kazi yake hatakasirika kuulizwa hivyo. Atafungua daftari na kumwonyesha tarehe.