Picha Iliyopauka Haijafa

Mwaka huu nina jambo moja tu, nalo ni juu ya picha. Jopo letu la wahariri, ambalo hata mimi ni mwanachama wake, limekata shauri kwamba picha yoyote iliyoguswa na kompyuta haitachapishwa humu. Nilipinga mkutanoni nikashindwa kwa kura, na mwenyekiti kwa hisani yake amenipa nafasi niseme yangu. Basi nasema wazi: shauri hilo si la haki, na wanaoumia ni wachezaji.

Hebu fungueni matoleo ya nyuma. Kwaya ipo, imejipanga mistari mitatu. Waliopokea vyeti wapo, wamesimama wima kama milingoti. Wa mpira wa mikono wako wapi? Na wa mbio za kupokezana vijiti je? Mgeni akisoma atadhani kazi yetu hapa ni kuimba na kupeana mikono na wageni wa heshima. Waama sababu si fitina. Kwaya hupigwa picha ikiwa imetulia kivulini. Mchezaji hupigwa picha saa kumi jioni, jua limemkabili mpiga picha, na uwanja wetu ni udongo mtupu. Vumbi likitimka, picha hutoka imepauka kama sare iliyofuliwa miaka minne: weusi umekuwa kijivu, na weupe nao kijivu. Inatupwa.

Lakini picha hiyo imekosa nini hasa? Mchezaji yumo, mpira umo. Kilichotokea ni kwamba vumbi la hewani limetawanya mwanga wa jua, na mwanga huo ukaingia kwenye lenzi pamoja na ule uliotoka kwa mchezaji. (Lenzi iliyoshikwa na vidole vyenye mafuta ya mandazi hufanya vivyo hivyo, jamani tuifute.) Ni kama pazia jembamba jeupe limetandazwa juu ya kila kitu. Kompyuta huhesabu weusi kamili kuwa 0 na weupe kamili kuwa 255. Picha ya vumbi haienei nafasi hiyo, hujikunyata katikati, mathalani toka 70 hadi 200. Programu kama GIMP, ambayo ni ya bure, ina mchoro unaoonyesha hali hiyo kama kilima, na chini yake kuna vipembetatu vitatu. Sogeza kile cheusi hadi kilima kinapoanzia, na kile cheupe hadi kinapoishia. Pazia linaondoka. Hujaongeza mtu wala goli, umepunguza tu kile ambacho vumbi liliongeza.

Hapa niseme neno juu ya nyuso zetu. Ukivuta weusi kupita kiasi, jezi itang'aa na kila mtu atasifu, ila uso wa mchezaji utageuka doa na macho yapotee. Kibonye cha kurekebisha chenyewe kisiachwe kifanye kazi bila kuangaliwa, maanake chenyewe hakijui uso ni nini. Dawa ni kusogeza kipembetatu cha katikati kidogo kidogo upande wa kushoto, huku ukitazama macho ya mtu wala si jezi. Afadhali ukungu ubaki kiasi kuliko dada wa watu kunyang'anywa macho.

Wala sisemi kila picha itafufuka. Palipofika 255 hapana kitu cha kuokoa, ni karatasi tupu. Mkono uliotoka kama mkia wa kimondo kwa sababu kamera ilichelewa kufunga hautanyooshwa na vipembetatu. Na ukivuta sana utaona punje punje kama unga wa ugali.

Wenzangu joponi waliniambia ati samaki mmoja akioza wote wameoza. Wakanitajia kisa cha Agosti 2006, pale mpiga picha Adnan Hajj alipoongeza moshi juu ya majengo ya Beirut katika picha aliyoliuzia shirika la Reuters. Shirika likaachana naye na kuondoa picha zake zote 920 sokoni. Ni kisa cha kweli na adhabu ilimfaa. Lakini yeye alinakili moshi akaubandika mahali usipokuwa! Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hata kufuta kuna mpaka: mwaka 2014 shirika la Associated Press liliachana na mpiga picha aliyefuta kamera ya mwenzake katika picha ya vita vya Syria. Kwa hivyo hata vumbi lililotimka miguuni pa mkimbiaji libaki, kwani ni sehemu ya mbio. Na zile programu za simu zinazobuni uso mpya mahali penye ukungu, mimi mwenyewe nitazipigia kura ya hapana.

Ila picha "isiyoguswa" jopo litaipata wapi? Kamera yenyewe huamua weusi na ukali wa rangi kabla hatujaiona picha. Hata zamani za filamu, mafundi wa studio walikuwa na karatasi za madaraja, laini na kali, na negativu iliyopauka waliichapa kwenye karatasi kali. Hakuna aliyewaita waongo.

Ninachoomba ni kidogo. Picha ya kwanza ihifadhiwe, na iliyorekebishwa iandikwe chini yake kwamba imesafishwa ukungu. Ipo moja ya mlinda lango wetu wa mpira wa mikono, amejinyoosha mzima na vidole vinakaribia kugusa mpira. Yuko kidato cha nne, toleo lijalo litakuta ameshaondoka. Nimezibandika zote mbili, iliyopauka na iliyosafishwa, nyuma ya mlango wa chumba cha kompyuta. Jopo litaketi muhula ujao kupanga kanuni upya, na chumba huwa wazi saa ya chakula cha mchana.